Mazishi ya Frank Grimes

Baba mdogo hakuwa mtu wa katuni. Alikuwa na kazi mbili pale Columbus, Ohio, Marekani: mchana anapakia maboksi ghalani, usiku anasafisha maofisi ya watu. Katikati ya hizo kazi alipata muda wa kula na kunyoosha miguu tu, na muda huohuo kituo kimoja cha runinga kilikuwa kinarusha marudio ya The Simpsons. Rimoti walikuwa nayo wanawe, kwa hiyo aliangalia asichokichagua. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Tanga, Kiingereza changu cha shule kinanipiga chenga kila siku, na katuni ile ndiyo niliyoifanya mwalimu.

Nilidhani nimeshayazoea mabaya yake. Kila mwaka kwenye Halloween huwa wana kipindi maalumu cha vitisho. Katika kile cha 1994 walimu wanawala wanafunzi na kusifia utamu wa nyama. Sikukosa usingizi hata kidogo. Ukishatangaziwa kwamba leo ni mambo ya mizimu, unakaa tayari. Kilichotukuta jioni ile ni kipindi cha kawaida kabisa, kilichotoka Mei 1997, kisicho na mzimu wala jini.

Kwenye mtambo wa nyuklia anakofanya kazi Homer, baba wa familia ya katuni hiyo, anaajiriwa mtu mpya, Frank Grimes. Wazazi walimtupa akiwa na miaka minne. Shule hakuiona, utoto wake aliumalizia kuwapelekea zawadi watoto wa wenye nazo. Siku anatimiza miaka 18 akalipukiwa na ghala la nafaka. Akapona polepole, na kila alipopata nafasi akasoma sayansi kwa njia ya posta, mpaka akapata diploma ya fizikia ya nyuklia.

Hapo Baba mdogo akaacha kutafuna. Na yeye uhasibu aliusoma kwa posta, na cheti chake alikuwa anakitunza kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na pasipoti.

"Hebu ongezeni sauti," akasema.

Tajiri wa mtambo anamwona Grimes kwenye runinga, anaguswa, anataka kumpa ukubwa kazini. Kesho yake anamwona mbwa shujaa kwenye runinga ileile, cheo anapewa mbwa. Watoto wakacheka. Baba mdogo akaguna: "Hapo hawajatunga kitu."

Basi Grimes anawekwa jirani na Homer, ambaye anamtafunia penseli, anamlia chakula chake kilicho kwenye mfuko ulioandikwa jina, anasinzia kazini. Siku moja Homer nusura anywe asidi. Grimes anaipiga kofi chupa, asidi inaunguza ukuta, na anayekatwa mshahara ni Grimes. Anaalikwa nyumbani kwa Homer, anakuta jumba, magari mawili, na kambakochi mezani. Yeye anaishi kwenye chumba kimoja, juu yake ukumbi wa bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe, chini yake ukumbi mwingine wa bowling. Anapiga kelele kuuliza mbona hakuna anayeliona hili. Kweli hakuna. Mwishowe akili inamruka, anazunguka mtamboni akimwigiza Homer, kwamba naye sasa hahitaji glavu, anashika nyaya za umeme mkubwa, anakufa palepale.

Homer tumemwona akianguka magenge na kupigwa na kila kitu, na wiki ijayo yuko mzima kwenye kochi. Huyu mwingine kagusa mara moja tu. Nadhani ndicho kilichonitia baridi: kama vile wamemwingiza mtu wa kweli ndani ya katuni waone atadumu siku ngapi.

Kisha mazishi. Mchungaji anasoma, Homer amesinzia kitini, anaongea usingizini akimwambia mkewe abadilishe chaneli. Waombolezaji wanaangua kicheko, na jeneza linashuka kaburini huku wanacheka. Kikaishia hapo.

Wadogo zangu nao walikuwa hoi kwa kucheka.

"Mnacheka nini? Mtu anazikwa."

"Baba, ni katuni."

"Nimeona ni katuni. Nauliza mnacheka nini."

Si kwamba kwetu msibani hakuchekwi. Watani huja, wakamwigiza marehemu, wakadai pesa, na wafiwa wakajikuta wanacheka na machozi yamewajaa. Lakini mtani anamchekesha mfiwa. Grimes hakuwa hata na mfiwa. Kicheko chote kilimwendea aliyesinzia.

Mama mdogo akaingia kutoka zamu yake ya kutunza wazee. Mumewe, huku anafunga kamba za viatu aende kazi ya pili, akamsimulia mkasa wote kwa uchungu, utadhani ni wa jirani yetu wa Ngamiani kule Tanga. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho, mkoba bado begani.

"Sasa huyo mnene," akauliza, "kazi moja, tena analala kazini, jumba lote hilo kanunua kwa mshahara upi?"

Baba mdogo akacheka, mara ya kwanza jioni ile. "Ndilo swali lililomuua mwenzio," akasema, akachukua funguo za gari.