Mstari mmoja ni nini? Nilivyojifunza kuziuliza data zetu nikiwa meneja

Nilianza na daftari, si kompyuta. Niliorodhesha maamuzi ambayo kila mwezi yananisubiri mimi: tuagize bidhaa gani na kwa kiasi gani, nani apewe mkopo wa siku 30, wakala gani ahamishwe, bidhaa gani tuiondoe sokoni. Kando ya kila uamuzi nikaandika namba ambayo ikibadilika, na mimi nitabadilisha uamuzi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ripoti nyingi nilizokuwa naletewa hazikugusa uamuzi wowote. Zilikuwa ndefu, zina rangi nzuri, na baada ya kuzisoma ningefanya kile kile ambacho ningefanya bila kuzisoma.

Baadaye nilikuta kwamba wasomi walishalipanga jambo hili zamani. Mwaka 1971 Gorry na Scott Morton wa chuo cha MIT waligawa maamuzi ya uongozi katika makundi matatu: yale yenye kanuni inayojulikana, yale yasiyo na kanuni kabisa, na yale ya katikati. Nikarudi kwenye daftari na kuyagawa ya kwangu. Kiwango cha kuagizia upya bidhaa kina kanuni, basi kikokotolewe na mfumo, mimi nisipotezewe muda. Kufungua tawi jipya hakuna kanuni. Namba zitanimulikia tu. Mkopo wa mteja uko katikati, na hapo hasa ndipo data humsaidia meneja. Nikaamua masomo yangu yote yazunguke swali hilo moja la mikopo.

Kwa nini nisiendelee na lahajedwali? Naipenda na bado naitumia kila siku. Lakini ina ukomo, na ukomo wenyewe si wa kinadharia. Faili la Excel la kisasa lina mistari 1,048,576 kwa ukurasa. La muundo wa zamani lina 65,536 tu. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iliacha nje ya hesabu karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwa sababu majibu ya vipimo yalipitishwa kwenye muundo huo wa zamani, mistari ikajaa, iliyozidi ikaachwa. Tena lahajedwali humruhusu mtu yeyote kuandika "kesho" kwenye kisanduku cha tarehe. Kanzidata, yaani mfumo wa kuhifadhi data katika majedwali yenye masharti, ikipangwa vizuri inamkatalia palepale.

Kijana mmoja wa idara ya TEHAMA alinitolea nakala ya data zetu, majina na simu za wateja zikiwa zimeondolewa. Akaniwekea kwenye SQLite, kanzidata ya bure ambayo yote ni faili moja ndani ya kompyuta yako, haihitaji seva. "Humo haribu utakavyo, dada," akaniambia, "ila kwenye mfumo wenyewe usiguse." Kwa anayeanza, ushauri huo ni dhahabu. Huwezi kujifunza kuuliza maswali huku unaogopa kuangusha mfumo wa kazi.

Wazo la msingi ni la mwaka 1970, wakati Edgar F. Codd wa IBM alipopendekeza data ziwekwe katika majedwali yanayohusiana, ili muulizaji aseme anachotaka bila kuielekeza mashine ikakitafute wapi. Miaka michache baadaye wenzake wawili wa kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuulizia ambayo leo ni SQL, na tangu mwanzo walimlenga pia mtu asiye mwandishi wa programu. Mtu kama mimi, basi. Niliposikia hivyo woga ulipungua sana. Mteja anaandikwa mara moja tu, kwenye jedwali la wateja, na kupewa namba yake isiyojirudia, yaani ufunguo mkuu. Jedwali la oda halirudii jina wala anwani yake. Linabeba namba hiyo tu. Akihama, unabadilisha mahali pamoja.

Amri za SQL za kuchagua (SELECT), kuchuja (WHERE) na kupanga kwa makundi (GROUP BY) zinashikika haraka, sitakaa hapo. Kazi ilikuwa kwenye kuunganisha majedwali.

Chukua oda moja yenye bidhaa tatu, za thamani ya 200, 300 na 400. Jumla ni 900. Mteja kalipa kwa awamu mbili, 500 kisha 400, hadaiwi kitu. Sasa unganisha jedwali la bidhaa za oda na jedwali la malipo kwa kutumia namba ya oda. Kila bidhaa itakutana na kila malipo, nawe utapata mistari sita. Jumlisha: mauzo yanakuwa 1,800 na malipo 2,700. Mashine hailalamiki, haikuonyeshi onyo lolote, na grafu inatoka ikiwa inapendeza. Mteja aliyemaliza deni lake anaonekana ametuzidishia 900! Dawa yake ni kujumlisha kila upande peke yake mpaka ubaki mstari mmoja kwa kila oda, ndipo uunganishe.

Tangu hapo nina swali moja ninaloliuliza kwa kila jedwali na kila ripoti: mstari mmoja hapa ni nini? Ni oda? Ni bidhaa ndani ya oda? Ni malipo? Ni mteja kwa mwezi? Asiyeweza kunijibu kwa sentensi moja, jumla yake siitumii. Swali hilo ndilo lililomaliza ugomvi wa muda mrefu baina ya mauzo, fedha na ghala, ambao kila kikao walikuja na jumla tatu tofauti za mwezi mmoja. Mauzo walihesabu oda zilizopokelewa, fedha ankara zilizotolewa, ghala mizigo iliyotoka. Oda ya tarehe 30 mzigo wake unaweza kutoka tarehe 2 na ankara ikafuata tarehe 5. Hakuna aliyedanganya. Tuliandika maana ya kila namba kwenye ukurasa mmoja, tukaubandika mwanzoni mwa ripoti, na sasa kila jumla inaitwa kwa jina lake kamili.

Kitu kingine kilichonishughulisha ni NULL, alama ya thamani isiyojulikana. Si sifuri, wala si neno tupu. Ukiomba wateja wote ambao kanda yao si Kaskazini, wale wasioandikiwa kanda yoyote hawatatokea, kwa sababu mashine haiwezi kusema kwamba kisichojulikana si Kaskazini. Ukitafuta wastani wa siku za kuchelewa kulipa, ambao bado hawajalipa kabisa hawahesabiwi. Kwenye swali langu la mikopo hilo si jambo dogo: wadaiwa wabaya kuliko wote ndio wanaotoweka kwenye wastani, na wastani unazidi kupendeza kadiri hali inavyozidi kuharibika. Nikaomba safu wima ya pili ikae kando ya wastani huo: idadi ya ankara zilizopita tarehe na hazijalipwa.

Wastani wa asilimia nao uangaliwe. Tawi moja limekusanya ankara 90 kati ya 100, jingine 5 kati ya 10. Wastani wa asilimia 90 na 50 ni 70, lakini ukweli ni ankara 95 kati ya 110, zaidi kidogo ya asilimia 86. Nimeona dashibodi za gharama kubwa, yaani kurasa za muhtasari wa namba na grafu, zikionyesha ile 70.

Nilipotaka kulinganisha miaka ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanajenga ghala la data, yaani kanzidata ya pembeni ya kuhifadhi historia kwa ajili ya ripoti, badala ya kuuliza mfumo wa kazi moja kwa moja. Sababu ya kwanza ni mzigo: swali zito la miaka mitano linaweza kuwakwamisha makarani wanaoingiza oda za leo. Ya pili kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mfumo wa kazi unajua hali ya sasa tu. Wakala akihamishwa kutoka Kaskazini kwenda Kusini, kanda yake inafutwa na kuandikwa mpya, na mauzo yake yote ya miaka ya nyuma yanahama naye. Kusini inaonekana iling'ara mwaka juzi, na meneja wake anadai bonasi ya kazi isiyokuwa yake.

Ralph Kimball, mtaalamu wa maghala ya data aliyeueneza sana mpangilio wake katika miaka ya 1990, anaweka jedwali la matukio katikati, mfano mauzo, na kulizungushia majedwali ya maelezo: mteja, bidhaa, tarehe, wakala. Ndiyo maana unaitwa nyota. Kwa suala la wakala, unamwongezea mstari mpya wenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ule wa zamani unabaki. Mauzo ya zamani yanashikamana na mstari wa zamani. Kama meneja sikuhitaji kujua kuijenga nyota hiyo, lakini nilihitaji kujua kwamba mimi ndiye wa kusema ni mabadiliko gani yahifadhiwe na yapi yafutwe. Marekebisho ya herufi kwenye jina la mteja yafutwe. Kiwango cha mkopo kihifadhiwe, kwa sababu nataka kujua mteja alikuwa na kiwango gani siku aliposhindwa kulipa. Fundi hawezi kuliamua hilo kwa niaba yangu.

Kuchora dashibodi kulikuwa sehemu nyepesi, nami nashangaa mafunzo mengi yanaanzia huko. Yangu ina vipimo vinne na kila kimoja kinatokana na mstari fulani wa daftari langu. Programu ya kuchorea ilichaguliwa na idara ya TEHAMA, sikubishana.

Mambo ya ruhusa za watumiaji, nakala za akiba na kasi ya seva sijayagusa na sina mpango wa kuyagusa. Ninaloshughulika nalo sasa ni bidhaa zinazorudishwa. Nataka kuamua kama tumbadilishe msambazaji mmoja, lakini sababu za kurudisha zinaandikwa kwa maneno huru: "mbovu", "imeharibika", "mteja hakutaka", "mteja kakataa". Tumekubaliana na watu wa ghala wachague kutoka orodha fupi ya sababu, bila kuandika wenyewe, na kisanduku hicho kisiruhusiwe kubaki kitupu. Mstari mmoja ni bidhaa moja iliyorudishwa. Robo mwaka ikiisha tutakuwa na cha kujumlisha, na mpaka wakati huo mkataba wa msambazaji unaendelea kama ulivyo.