Ada yangu ya sekondari ilitoka Rwanda

Wiki iliyopita tulikuwa tunapaka rangi nyumba ya mama pale Sakina, tukatoa kila kitu kwenye kabati la chumbani kwake, na chini kabisa ndani ya bahasha ya kaki nikakuta mkataba wa kupangisha nyumba wa mwaka 1998. Kodi imeandikwa kwa dola. Dola 400 kwa mwezi, inalipwa miezi sita mbele, saini ya mama na saini ya mpangaji, mkalimani aliyekuja kufanya kazi kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale AICC, jumba la mikutano hapa Arusha. Nilikaa kitandani nikausoma zaidi ya mara moja, maana siku zote nilikuwa nasikia tu kwamba nimesomeshwa na ile kodi lakini karatasi yenyewe sijawahi kuishika.

Wa umri wangu wa hapa mjini mnakumbuka. Sisi tulihamia vyumba viwili vya uani, nyumba kubwa tukamwachia mgeni, na hatukuwa peke yetu, Njiro, Kijenge, huku kwetu Sakina, watu walikuwa wanamalizia nyumba mbio mbio ili wapate mpangaji wa UN. Madereva walikula, walinzi walikula, wapishi, mafundi wa jenereta, wenye maduka ya vyakula, wote. Mahakama iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, miezi michache tu baada ya mauaji ya kimbari, ikafungwa Desemba 31, 2015, na gharama inayotajwa ni kama dola bilioni 2. Walioshtakiwa ni watu 93.

Sisemi ilikuwa kazi bure na siwezi kusema hivyo. Septemba 2, 1998, mwaka uleule wa mkataba wa mama, hapa Arusha alihukumiwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda, na ndo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamka kwamba ubakaji nao unaweza kuwa sehemu ya kuangamiza watu. Hukumu ile wanawake ndo waliifanya iwezekane, walipanda ndege wakaja kukaa kwenye kiti mbele ya mtu aliyechochea na kuruhusu waliyofanyiwa, wakaulizwa maswali ambayo mimi nisingeweza kumuuliza mtu yeyote. Nawaheshimu sana.

Shangazi yangu alipika kwenye nyumba moja walikokuwa wanalazwa mashahidi. Jina la mtu alikuwa haambiwi na yeye hakuuliza. Ila kuna mama mmoja hajamsahau mpaka leo, alikuwa anaamka kabla ya alfajiri anatandika kitanda vizuri kabisa, anakaa ukingoni mikono kwenye magoti anasubiri, na siku ya tatu akamwomba shangazi jembe. Alitaka kupalilia maua ya pale uani. Shangazi akamwambia mama pumzika wewe ni mgeni, yeye akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba nyumbani mahindi yamemezwa na majani, hana mtu wa kumsaidia, wanawe wote hawapo. Kwahiyo akapewa jembe. Alipalilia bustani yote, alafu akaliosha akaliegemeza ukutani. Alipoondoka alikuwa na kilo mbili za sukari na khanga moja aliyopewa na shangazi.

Mahakama ile haikuwa na fungu la kumlipa fidia mtu kama yule. Sheria iliyoiunda haikuiruhusu, kazi yake ilikuwa ni kushtaki na kuhukumu basi. Na kuna jambo lililosemwa wazi miaka ile, linaniuma kila nikilikumbuka, kwamba watuhumiwa waliokuwa kizuizini hapa walikuwa wanapata matibabu mazuri mpaka dawa za UKIMWI, wakati kuna wanawake waliobakwa na kuambukizwa mwaka 1994, wengine mashahidi kabisa, wakirudi kwao dawa hawana. Mfungwa kutibiwa ni haki yake, sina neno hapo. Lakini dunia ileile iliyoweza kulipia jopo la mawakili, wakalimani wa lugha tatu na kodi ya mama yangu ilichelewa kumfikishia yule mwanamke vidonge.

Vilikuja baadaye. Mfuko wa Dunia ulianza 2002, mpango wa Marekani wa UKIMWI ukaanza 2003 na Rwanda ilikuwa kwenye kundi la nchi za mwanzo, na kwa wengi dawa zilifika hapo. Ndo maana nikisikia mtu anasema misaada yote ni wizi namkatalia palepale, misaada ile imebakiza watu hai.

Mwaka 2017 nilipanda basi mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda, nikavuka, nikakaa siku chache Kibungo kwa rafiki ninayefanya naye kazi. Akanipeleka kwa bibi mmoja jirani yake aliyepewa ng'ombe wa Girinka, ule mpango wa serikali yao wa tangu 2006 wa kumpa kila familia maskini ng'ombe mmoja. Sharti lake, akizaa ndama jike wa kwanza unampa jirani. Bibi alitushika mkono mpaka bandani, ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, akatuonyesha samadi imerundikwa pembeni na migomba iliyoshiba, na akatuonyesha kwa kidole nyumba iliyopo ng'ambo ya kijibonde alikoenda yule ndama. Alikuwa anaongea Kinyarwanda haraka haraka, rafiki yangu akashindwa kufuatisha kutafsiri.

Na kule waliamua kuamua kesi zao wenyewe pia, Gacaca, mahakama zaidi ya 12,000 za vijijini, kesi karibu milioni 2 mpaka zinafungwa 2012. Zilikuwa na kasoro kubwa, hakukuwa na mawakili na kuna watu walisingiziwa, hilo lisifichwe. Ila mjane aliweza kusimama palepale kijijini akauliza mume wangu mlimtupa wapi, na mara nyingine akaonyeshwa, akamzika. Na tangu 1998 serikali ikaanzisha mfuko wa manusura kwa kutenga asilimia 5 ya mapato yake ya ndani, nchi ambayo wakati huo hata yenyewe ilikuwa inaishi kwa msaada, na hela hiyo ikasomesha watoto na kujenga nyumba.

Mimi sasa naandika bajeti za miradi, ndo kazi yangu, na nimeshika bajeti ambazo magari, mishahara, kodi za ofisi na semina za hotelini vimekaa kurasa tatu za mwanzo na mkulima anatokea ukurasa wa nne. Nchi ikitoka vitani hela nyingi inapita kwanza kwa watu kama sisi, jirani mwenye amani, mwenye nyumba, mwenye hoteli, mtaalamu. Sisi wa Arusha tulinufaika, na mtu aliyenufaika ndo anapaswa kusema kwa sauti kwamba mpangilio ule ulikuwa umepinduka, kwamba mwenye jeraha awekwe mstari wa kwanza kwenye bajeti na sisi wengine tufuate. Siku hizi nikikaa mezani naanza kujaza kutoka chini, kwa mkulima, ndo napanda juu. Bosi wangu mara ya kwanza alinirudishia. Nikampelekea tena vilevile.

Mama nilimuuliza kama aliwahi kuwaza hela ile inatoka wapi. Akanyamaza muda, akasema alikuwa anasali kwa ajili yao kila akienda benki. Ule mkataba akanikatalia nisiuchukue, kaurudisha kwenye bahasha yake.

Kama mzazi wako alikuwa dereva, mpishi, dobi, mlinzi au alipangisha nyumba enzi zile hapa mjini, naomba umuulize anachokumbuka kuhusu wale mashahidi, sio majina, majina tuyaache, ila vitu kama lile jembe. Alafu uniandikie. Shangazi ana miaka 71 sasa na nimeanza na yeye.