Walioshika Kivuko

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Waamuzi 12:1-7. Sura hii haihubiriwi mara nyingi, na naelewa kwa nini. Waefraimu wanamjia Yeftha, kiongozi wa Wagileadi, na kinyongo: mbona ulienda vitani bila kutuita? Kinyongo kinazaa tusi, wanawaita Wagileadi watoro, watu wasio na kwao. Vita inawaka kati ya ndugu. Waefraimu wanashindwa, wanakimbilia Yordani ili warudi nyumbani (sasa wao ndio watoro, angalieni vizuri mstari wa tano), na huko wanakuta vivuko vimeshikwa. Kila anayeomba kupita anaambiwa: sema Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka ile "sh"; akitamka Sibolethi, anachinjwa palepale. Biblia inataja watu 42,000.

Kwa mzaha kidogo, sisi wa Lubumbashi tunaosema "shiye" pahali pa "sisi" pengine tungevuka salama.

Kitu kilichonishika ni hiki: nani alisimama pale kivukoni? Andiko halisemi Yeftha. Linasema Wagileadi, basi, bila jina hata moja. Yeftha alikusanya watu wa vita, lakini ule mtihani wa lafudhi ulifanywa na mtu wa kawaida, labda mchunga mbuzi, akiwa uso kwa uso na mwenzake aliyelowa jasho. Na kumbukeni Yeftha mwenyewe alifukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya mama yake (11:2). Alijua uchungu wa kuambiwa "hapa si kwenu". Haukumsaidia kitu.

Wenye umri wangu mmeshajua ninakoelekea. Mwezi wa nane 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Aliyeacha kiti hicho, Nguz Karl-i-Bond, alikuwa mtoto wa Katanga. Ugomvi wa kiti kimoja, ila damu haikumwagika kwenye kiti. Ilimwagika huku kwetu Katanga, katika mji wa Likasi, kisha mwaka uliofuata Kolwezi, kati ya watu waliokuwa wakichota maji bomba moja. Majirani wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Mamia ya maelfu wakafukuzwa, wengi wao wamezaliwa hukuhuku. Reli iliyofika hadi Ilebo mwaka 1928 ilikuwa imewaleta wengi wa wazazi na babu zao kufanya kazi za mgodi na za reli yenyewe. Kando ya reli hiyohiyo wakalala wakingoja treni ya kuwaondoa, wiki baada ya wiki, na kuna waliozikwa kabla treni haijafika.

Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, kuna mashini ya kushona ya kukanyaga kwa miguu. Chuma chake cha kukanyagia kimelika upande wa kuume. Si sisi tuliokichakaza, kilikuja hivyo, kimelika kwa mguu wa mtu mwingine. Mama aliinunua kituoni Likasi mwaka ule, kwa bei ya mfuko wa makaa, kwa mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya mizigo yake. Nguo zangu za shule zilishonwa na mashini ile. Miaka yote hii neno la nyumbani kwetu limekuwa moja: sisi hatukumpiga mtu. Na ni kweli. Hatukumpiga mtu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kununua unga. Muuzaji, mama tunayeimba naye kwaya, alinijazia meka, kopo la kupimia, mpaka ikapanda kama kichuguu, akaniongeza na matabishi, nyongeza ya bure. Nyuma yangu alikuwa mama mwingine, mwenye Kiswahili cha Kasai. "Uko wa fasi gani?" akaulizwa, yaani anatoka wapi. Hakuwa bado amemaliza kujibu, kiganja kikapita juu ya meka, sawasawa na ukingo. Pesa ileile. Niliona. Nikabeba unga wangu nikaenda.

Ndiyo maana sikubali tena tunaposema kwamba siasa ni ya wakubwa, sisi wadogo tutafanya nini. Wakubwa hawapimi unga. Hawapangishi chumba cha nyuma, wala hawaulizi jina la baba kabla ya kuuliza kazi. Zile sauti tunazotumiana kwenye simu usiku, "jihadharini na watu wa fulani", vidole vinavyozipeleka mbele ni vyetu, na changu kimo. Mimi nimeanza kumuuliza aliyenitumia: wewe ulikuwapo? Wengi hawajibu. Wawili wamefuta. Pagumu zaidi ni kwenye mikutano ya watu wa kabila letu, ambako hakuna mgeni wa kumwonea haya na kila tusi linapigiwa makofi. Lakini pale nina sikio la watu ambalo mgeni hana. Mgileadi mmoja tu kivukoni angeweza kuwaambia wenzake: mwacheni apite, nimemwelewa alichosema. Sijui kama wangemsikiliza. Nilichokiona kwenye andiko ni kwamba hakuna aliyejaribu.

Na yule mama wa kwaya bado sijamwambia neno. Mazoezi ni Alhamisi.

Jana jioni nilimuuliza mama jina la mwenye mashini. Alikaa kimya, akadhani nimekuja kumhukumu. Kisha akasema, "Jina sikumuuliza, mwanangu. Alikuwa na mapacha, mmoja alikuwa anamwita Mbuyi. Nilipomlipa aliniambia ningoje kidogo. Akainama, akafungua sindano kwenye mashini, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Hiyo akaenda nayo."