Siku ya kliniki ya skizofrenia (ugonjwa wa akili), Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Benchi limeshajaa, wa Kibosho na Machame wameshuka na daladala za kwanza. Tunaanza na presha na mizani. Anayetumia olanzapini anapimwa na sukari, maana dawa hiyo huleta njaa na kilo.

Saa 2:30. Sindano za dawa inayokaa mwilini muda mrefu. Flufenazini dekanoeti ni ya mafuta, haitaki papara. Bomba liwe kavu. Anayeanza, miligramu 12.5, akiizoea, mara nyingi 25 kila wiki 2 hadi 4. Vuta ngozi ya tako pembeni, choma kwa kina, sukuma polepole, subiri sekunde 10, chomoa ndipo uachie ngozi. Ukiwahi kuachia, dawa hupanda juu na kuacha uvimbe. Usisugue.

Saa 4. Kijana anayetumia dawa ya haloperido: sauti anazozisikia peke yake zimepungua, ila hatulii. Anakaa, anasimama, anakanyaga papo hapo. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi. Dozi ikipandishwa hapa, umemharibia. Muulize: unahangaika mawazo au miguu? Akisema miguu, ni dawa. Dozi inashushwa, au propranolo inaongezwa kama hana pumu. Shingo ikipinda au macho yakiganda juu, hiyo ni ya kushughulikiwa leo leo, dawa ya benzheksoli husaidia.

Saa 6 mchana. Mazungumzo. Hatubishani na sauti. Tunaandika: ilianza saa ngapi, ilisema nini, ulikuwa wapi, ulifanyaje. Anayeamini stendi nzima inamsema anaandika kwanza anategemea wangapi watamgeukia, kisha anakwenda na ndugu dakika 10, anahesabu. Kwa aliyechanganyikiwa sana zoezi hili halifai, dawa itangulie. Mwongozo wa Uingereza unataka vikao 16 au zaidi vya mazungumzo haya. Huku nauli ndiyo inayopanga ratiba, hivyo kikao tunakiweka siku ya sindano.

Saa 8. Familia. "Mvivu huyu, hata kuoga hataki." Mama, huo nao ni ugonjwa, na dawa huugusa kidogo sana, makelele ndiyo humrudisha wodini. Tunakubaliana kazi moja: kukata majani ya ng'ombe asubuhi. Mbege, pombe ya ndizi, tunaiulizia bila kufoka, la sivyo tutadanganywa.

Saa 10. Simu kwa waliokosa sindano. Tunaomba kuongea na mgonjwa mwenyewe: dawa ikipunguza nguvu za kiume, wengi huiacha kimyakimya, na hilo hawezi kulitamka mbele ya mama yake.