Mifuko mbadala 43
Jana napanga kabati la jikoni, nikakuta mifuko mbadala 43, imeshindiliwa mmoja ndani ya mwingine. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania, kila nikienda sokoni nanunua mpya, roho kwatu, najiona natunza mazingira. Nikauchoma mmoja pembeni: ukayeyuka na kudondoka matone, haukuwa majivu kama pamba. Ni polipropilini, plastiki iliyogeuzwa nyuzi! Imeniuma sana. Na hata ingekuwa pamba, ukiutumia mara moja kuna faida gani?

Kikapu cha ukindu alichonisukia bibi kinaning'inia nyuma ya mlango, mkono mmoja umelegea. Leo nimekishona, nikaenda nacho Buguruni. Muuza nyanya alipochomoa mfuko nikamwambia, "Mama, mimina humu humu."