Kabla sijajua Mangi ni nani

Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka, Tabata. Wateja wote walimwita baba "Mangi". Mangi, nipimie sukari robo. Mangi, nikopeshe unga, mwisho wa mwezi nakulipa. Baba akitoka, nami nikabaki kuuza na miaka yangu tisa, waliniita Mangi vilevile. Kwa akili yangu, mangi alikuwa mtu anayeuza dukani.

Aliyenifungua macho ni babu. Desemba moja, nikiwa na miaka 11, tulishuka Kiboriloni tukapanda gari la kwenda Kidia, Old Moshi. Kesho yake alfajiri babu akanishika mkono, tukapita katikati ya migomba mpaka penye masale. Isale ni mmea wa majani marefu ambao sisi Wachagga tunaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lake limefungwa fundo, na mtu huyo ataona uzito mkubwa kukukatalia msamaha. Babu alinishikisha shina moja moja, umande ukinilowesha mikono. "Huyu ni baba yangu. Mtaje." Nikamtaja. "Huyu baba yake. Mtaje." Nikikosea, tunaanza upya. Tulifika wa tano ndipo tukaenda kunywa chai.

Jioni, motoni, ndipo akaniambia kwamba mangi ni mtawala. Akaniambia habari za Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake, na kwamba kichwa chake kinasemekana kilipelekwa Ujerumani. Sikulala mapema usiku ule. Nilikuwa nawaza jinsi watu wa Tabata wanavyolitamka jina hilo wakinunua kiberiti, nami naitika.

Baba alipofariki nilirithi duka, na mwaka 2019 likafia mikononi mwangu. Kodi ya fremu ilipanda, halafu mtu niliyemwamini na ufunguo wa stoo akamalizia kilichobaki. Sitaki kuyarefusha hayo.

Mchagga anarudi nyumbani Desemba, na anarudi na kitu mkononi. Mimi nilirudi Septemba, mikono mitupu, kofia nimeishusha machoni. Njiani nikakutana na bibi mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama. "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia jina langu. Akaendelea kunitazama tu, kwa sababu hakuwa ameniuliza jina. Nikamtaja baba, nikamtaja babu. Hapo akautua mzigo, akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya majani mabichi. "Pita, mwanangu. Shangazi yako yupo."

Shangazi alinipa mtori, akaniongezea, hakuniuliza neno. Asubuhi akanipa jembe. Ilikuwa siku ya kusafisha mfongo, na nyumba yetu haikuwa na mwanaume wa kutuma.

Mfongo ni mtaro unaochepusha maji kutoka mtoni huko juu, ukayapitisha ubavuni mwa mlima hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya ukoo. Waliuchimba mababu, ukoo kwa ukoo, kabla Mjerumani hajafika, na maji yake yana zamu. Siku tatu nilisimama kwenye tope la magotini nikizoa majani na mawe. Mzee mmoja akanionyesha kona ambapo mtaro unapinda ghafla kuzunguka mwamba. Akasema babu wa babu yangu alikuwa kwenye kundi lililoushindwa ule mwamba, wakaamua kuuzunguka. Niliushika. Ni wa baridi, umelainika kama kigae kwa kupitiwa na maji miaka yote hiyo. Dar nilikuwa mtu aliyefilisika. Pale nilikuwa mtu wa zamu ya Alhamisi, na Alhamisi maji yalipoingia kihambani kwetu nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Kuna jambo linaniuma na lazima niliseme. Shangazi huyo anayajua majina ya ukoo wetu kuliko mwanaume yeyote, lakini kwa mila hakurithi hata mgomba mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Kwenye kikao cha ukoo nimelisema, na nitalirudia.

Septemba 2023 nilikuwa nimeshafungua duka jingine, dogo, nilipoisikia ile habari ya Berlin. Kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, vinasaba vya matatu vilikuwa vimeoana na vya watu walio hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Nilimwacha mteja amesimama na hela yake mkononi. Mashine ya kupima vinasaba inahitaji mtu wa kumpima, na mtu huyo hupatikana pale tu ambapo bado kuna wanaoweza kusema huyu ni wa nani. Nikawaza asubuhi zote ambazo babu wa familia zile walishika mikono ya watoto kuwapeleka penye masale.

Binti yangu ana miaka sita. Wateja wameanza kumwita Mangi mdogo, naye tayari anajua maana yake. Kwenye daftari la madeni, mbele nimeandika wanaodaiwa, nyuma nimeandika majina ya ukoo, mojamoja, kama shangazi anavyonitajia kwa simu. Tumefika la sita. La saba shangazi na baba mdogo bado wanabishania, kwa hiyo nimeacha mstari wazi. Tunapanda basi tarehe 21. Daftari limeshaingia kwenye begi, na binti ameniomba kalamu aishike yeye.