Siku Niliyomchosha Tulia

Aliyempa jina la Tulia ama alikuwa mtu wa mzaha, ama alikuwa anaomba dua. Miaka miwili tuliyokaa naye, neno hilo halikukauka vinywani mwetu pale zizini, na mpita njia asingejua kama tunamwita au tunamsihi. "Tulia! Wee Tulia, tulia!" Mwenyewe hakuitikia kwa maana yoyote kati ya hizo mbili.

Alikuwa poni, yaani farasi wa kimo kifupi, jike, rangi ya kahawia iliyokolea, sentimita 124 kutoka ardhini hadi pale shingo inapokutana na mgongo. Wasiowajua poni hudhani ni farasi watoto, wapole kama mwanasesere. Poni ni farasi mzima, ana akili zote za farasi mzima, na kwa sababu ni mfupi watu humwachia mambo ambayo farasi mkubwa asingeachiwa hata siku moja. Tulia alikuwa ameachiwa mengi kabla hajafika kwetu. Akifika kwenye lango la kutokea anagoma: miguu minne kama imepigiliwa misumari, masikio yamelala nyuma. Ukimhimiza anarudi kinyumenyume. Ukizidi, kichwa kinazama katikati ya magoti na mateke ya nyuma yanapaa.

Halafu kulikuwa na sikio la kushoto. Halishikwi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, aligundua kwamba ukifungua hatamu, yaani mikanda inayovalishwa kichwani, pale shavuni na kuizungusha nyuma ya kichwa, badala ya kuipitisha juu ya masikio kama kawaida, anavalishwa bila vita. Nilimsifu kwa ujanja wake. Kujiuliza kwa nini sikio moja likubali na jingine likatae, hilo sikulifanya.

Siku aliyomwangusha binti yangu, mtoto alivunjika mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega. Hospitali wakamfunga mkono shingoni, wakasema mfupa wa mtoto huunga haraka. Usiku ule ule mimi na baba yake tukakaa mezani.

Yeye alisema Tulia auzwe. Mimi nikasema aazimishwe. Kwa wasiojua, farasi huazimishwa kwa mkataba: kwenye karatasi anabaki wako, lakini anakwenda kuishi kwa mtu mwingine, naye mtu huyo anamlisha, anamlipa fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, anagharimia chanjo na meno, na kwa malipo ya hayo anampanda. Mambo yakiharibika, farasi anarudi kwako. Mimi niliona huo ndio uungwana. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe unataka aondoke bila ya wewe kumuaga."

Ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Na hesabu zilikuwa upande wake. Tulia alikuwa na miaka 9 tu, na poni akitunzwa hupita miaka 25 bila shida. Kwa utepe wa kupimia alikuwa na kilo 220 hivi, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko lake wasizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama, yaani kilo 44. Binti yangu peke yake alikuwa na 36 na anarefuka kama mhindi wakati wa mvua. Angemwazima nani, kwa muda gani, na akirudishwa baada ya mwaka tungemfanya nini? Tukakubaliana auzwe.

Mama mmoja akapiga simu. Anatafuta poni wa bintiye wa miaka 9, mtoto keshapanda miaka mitatu, je, huyu wa kwenu ana tabia gani? Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni mchangamfu." Neno lile lile tuliloambiwa sisi siku tunamnunua. Wauzaji wa farasi wana msamiati wao, na nimeshaujua: mchangamfu maana yake anarusha mateke, anataka mtu mwenye uzoefu maana yake ameshamuumiza asiye nao, na anauzwa kwa masikitiko makubwa maana yake njoo na tela leo leo.

Walikuwa waje Jumamosi, saa nne asubuhi. Saa mbili nilimtoa Tulia, nikamfunga tandiko, nikamtia kamba ndefu na kumzungusha. Mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kushoto, kisha kulia, halafu shoti, mbio za kasi, tena shoti. Dakika 40. Nilijiambia namnyoosha viungo. Alipoanza kuinamisha shingo na kupumua kwa puani kwa nguvu nikamvua, nikampangusa kwa taulo, nikampiga brashi hadi akang'aa, nikamrudisha bandani. Farasi aliyechoka namna hiyo huwa mtakatifu kwa saa moja au mbili. Kila anayefanya biashara hii anajua.

Wakafika. Tulia akatolewa akiwa mnyenyekevu kama bibi harusi. Yule mtoto, ambaye kofia yake ngumu tayari ilikuwa kichwani, alisimama ubavuni pake, mahali anapoonekana, maana farasi haoni kilichoko nyuma ya mkia wake wala kilicho mbele kabisa ya paji la uso. Amefundishwa vizuri, nikawaza, na moyo ukaanza kunisuta. Akampapasa shingo. Akampapasa bega. Kisha akachuchumaa, akapeleka kidole nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, pale unapopita mkanda wa tandiko. Ni mahali ambapo mtu mwenye haraka hasahau kupangusa, ila hapafikii. Manyoya yalikuwa yameganda vishungi vishungi, magumu kama brashi ya viatu, na pembezoni mwake mstari mweupe wa chumvi.

"Mama," akasema, "mbona huyu ametoka jasho na bado hajapandwa?"

Mama yake hakumjibu. Alinitazama mimi. Nami nikamtazama binti yangu, aliyekaa juu ya uzio na mkono wake shingoni. Alikuwa anajua. Aliniona asubuhi kupitia dirishani, na hakuniambia kitu.

Nikasema yote. Lango, kinyumenyume, mateke, mtulinga, sikio, zile dakika 40. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Yule mama akanyoosha mkono, akafungua kamba ya kofia ya mwanawe kidevuni, akaivua, akaikumbatia. Nilitegemea matusi. Aliuliza tu, "Na wewe ulipomnunua walikwambiaje?"

"Mchangamfu."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha. Alikuwa na haki ya kuondoka muda ule ule, safari yake yote imepotea. Badala yake akapitisha kiganja taratibu mgongoni kwa Tulia, akasimama penye nundu ya bega, akafunua manyoya kwa vidole viwili. Kulia na kushoto, kama alama za vidole gumba, palikuwa na mabaka ya manyoya meupe. Nilikuwa nimeyaona siku zote. Nilidhani ni urembo wake.

"Haya hakuzaliwa nayo, dada," akasema. "Hapa pamebanwa muda mrefu. Kabla hujamwita mnunuzi mwingine, mwite daktari."

Daktari wa mifugo akaja wiki iliyofuata. Alimpa Tulia sindano ya kumlegeza, akamtia chuma cha kupanulia kinywa, akaniambia nishike tochi. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yake huendelea kuchomoza miaka yote huku yakisagana, kwa hiyo magego ya juu hubakiwa na kingo kali upande wa shavuni. Za Tulia zilikuwa kama ukingo wa kopo lililofunguliwa vibaya. Shavu la kushoto ndani lilikuwa na kidonda kirefu na makovu ya vidonda vilivyotangulia. Kila lijamu, kile chuma cha kinywani, ilipovutwa, shavu lilibanwa kwenye wembe. Kuhusu sikio daktari hakutaka kuapa. Alisema inawezekana kwamba amejifunza kuwa hatamu ikipita pale, maumivu yanafuata. Akayapiga meno tupa, ile ndefu, kwa mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka fizi zinaniwasha. Kisha akaliweka tandiko letu mgongoni bila kitambaa, akajaribu kupenyeza vidole chini yake penye nundu. Havikupita. Lilikuwa tandiko tulilouziwa pamoja naye, na tukalishukuru kama zawadi.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo akawa malaika. Mateke yalipungua, kisha yakaisha karibu yote, tulipopata tandiko pana zaidi. Lango likabaki lango. Kugoma kulikuwa kumeshamlipa mara nyingi mno. Maumivu yalikwisha, yeye akabaki na ujuzi. Na binti yangu, mtulinga ukiwa umeshaunga, alimpiga brashi kila jioni na kumweleza habari zote za shule, lakini mguu ukikaribia kikuku cha tandiko unatetemeka. Sikumlazimisha.

Basi tukarudi mezani. Sasa mume wangu ndiye aliyesema, "Tumuuze na tuseme ukweli wote." Ni hoja nzuri na nimewahi kuwashauri wengine hivyo hivyo. Ila mimi nilikuwa nimejiona siku ile ya Jumamosi. Ningemwambia mnunuzi ukweli wote, sawa, na huenda akawa mtu mwema. Naye siku akikwama, saa mbili kabla mteja hajafika, je? Tulia alikuwa ameshapitia mikono miwili kwa neno moja, mchangamfu, na mkono wa pili ulikuwa wangu. Ukiuza, habari za mnyama zinabaki kwako na mnyama anakwenda bila habari zake. Ukiazimisha, angalau kuna mtu mmoja anayelazimika kupokea simu. Mume wangu akafikiri, akasema, "Haya. Lakini akirudi, amerudi. Hatutafuti ujanja."

Aliyemchukua alikuwa mama mfupi, mwembamba, aliyepita miaka 50, kazi yake kuwanyoosha poni walioharibika ili wafae watoto. Alikuja mara nne kabla ya kusema ndiyo. Mara ya kwanza hakupanda kabisa. Alimwongoza Tulia hadi langoni, Tulia akagoma, naye akageuza ndoo, akaikalia, akatoa simu na kuanza kusoma. Tukangoja dakika 25. Tulia alipoona hakuna anayevuta wala kusukuma, akapiga hatua moja mbele, nadhani kwa udadisi tu. Yule mama akasimama, akamkuna shingo, akamrudisha bandani. "Leo yatosha," akasema.

Mkataba tuliuandika wenyewe, kurasa mbili. Taarifa ya siku 30 kwa atakayetaka kuvunja. Asihamishwe zizi bila idhini yetu. Asizalishwe. Asiazimishwe kwa mtu wa tatu. Mtoto yeyote apande mbele ya macho yake tu. Tunaruhusiwa kumtembelea, kwa kupiga simu kwanza.

Kifungu kimoja kilinishinda. Farasi hawezi kutapika, na utumbo wake ukijisokota ni jambo la saa chache. Je, ikiwa ni usiku na mimi sipatikani, nani atoe ruhusa ya kumpumzisha, yaani daktari amuue ili asiteseke? Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Yule mama hakunihimiza, kama vile hakumhimiza Tulia. Mwishowe nikaandika kwamba nikitafutwa nusu saa nisipatikane, aamue yeye na daktari, nami sitadai kitu.

Tulipomaliza kusaini, binti yangu akaomba kalamu. Tulidhani anataka kuweka sahihi yake, tukamwachia. Akainama chini kabisa ya ukurasa wa pili, akaandika kwa mwandiko wake wa kubana: *Asishikwe sikio la kushoto. Hatamu ifunguliwe shavuni.*

Yule mama akavaa miwani, akasoma. "Na la kulia?"

"La kulia unaweza," binti yangu akasema. "Ila mwambie kwanza."

Mama akaweka herufi za jina lake kando ya mstari ule, akanirudishia kalamu nami niweke zangu.